Shangazi, wenzangu wana medali ya Kagera, mie jina langu halimo

Assalaam alaykum Shangazi. Nakwita Shangazi kama wanavokwita wote ijapokuwa mie pengine nimekupita umri, nna miaka 68 sasa, nakaa Kangagani, Wete. Anaeniandikia hii ni mjukuu wangu wa kike mana mie simu hizi za tachi siziwezi, kidole kimoja kinabonyeza herufi tatu. Mie nasema yeye anaandika.

Nlikuwa askari wa JWTZ. Nimeingia 1977 kijana mbichi, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Ile hotuba ya Mwalimu ya sababu na nia na uwezo tuliisikia kwenye redio kambini, tumesimama, hakuna alokaa. Baada ya hapo ni safari tu, meli mpaka Dar, treni mpaka Mwanza usingizi wa kuegemeana, halafu meli tena mpaka Bukoba. Mvua Shangazi! Mie mtu wa Pemba mvua naijua lakini kule kuna tope linashika buti, ukivuta mguu unatoka peke yake buti linabaki chini.

Tumevuka mto Kagera, tumeingia Uganda kwa Mutukula, tumekwenda mpaka Masaka, na baada ya Masaka kwenye njia ya Lukaya, ile inayopita katikati ya kinamasi, ndo nikapata mie. Bomu lilianguka pembeni ya gari letu na kipande cha chuma kikaniingia bega la kulia. Mengi sikumbuki. Nakumbuka mtu ananifunga bega kwa shati lake, kijana wa Micheweni tulokuwa platuni moja, huyo yuhai mpaka leo ila sukari imemshika hatoki nje. Nikaamkia hospitali, nikahamishwa, mwisho nikafika Mwanza nikalala huko miezi. Chuma chengine walikitoa, chengine wakakiacha wakasema kiko karibu na mshipa. Kusi likitaka kuanza mie bega linanambia kabla ya watu wa hali ya hewa.

Nilipopona sikurudishwa kikosini kwangu, nikapelekwa kikosi chengine kabisa huko huko bara kulinda ghala. Wenzangu wakavishwa medali zao za vita vya Kagera, mie sipo. Nikauliza, nikaambiwa yako itakuja. Nikauliza tena, itakuja. 1984 nikaachishwa kwa ajili ya bega, nikapewa hati yangu ya kuachishwa jeshi nikarudi nyumbani kwenye mikarafuu ya marehemu baba, na mkarafuu ukiwa na bega moja hupandi, basi mie nikawa mtu wa kuanika na kupima tu.

Miaka yote hiyo sikujali sana wallahi. Lakini mwaka 2011 tukaandika maombi ya medali na nikayapeleka mwenyewe ofisini, ofisi gani sitaji. Afisa akatazama akanambia mzee jina lako halimo kwenye orodha ya waliokwenda vitani. Halimo! Akanambia hebu toa hati yako, tukaitazama pamoja ndo nikaona kitu ambacho miaka 27 sikukiona. Mie naitwa Khamis, pale nimeandikwa Hamisi. Baba yangu Hamad, pale ni Ahmadi. Namba yangu ya MT, ile namba ya askari, inaishia 69, pale inaishia 96. Kagera haikutajwa hata mara moja, na sababu ya kuachishwa imeandikwa neno moja tu, "maradhi". Afisa akasema lete ushahidi. Nje mlangoni kuna kijana akanifata akanambia mzee toa kidogo mie nikutafutie faili lako ndani, nikatoa, simu yake haijapatikana toka siku ile.

Sasa mwaka huu mwezi wa saba Siku ya Mashujaa, mwenzetu mmoja wa barazani kavaa yake kaenda kwenye sherehe, akarudi nayo kifuani. Tulikuwa tunacheza dhumna baada ya laasiri. Huyu mjukuu wangu kaleta kahawa akaiona, akaniuliza babu yako iko wapi? Kabla sijafungua mdomo jamaa mmoja akasema, "Babu yako alikuwa mpishi." Wakacheka. Na mie nikacheka. Usiku sikulala.

Sitaki pesa Shangazi. Nilonavyo ni hiyo hati iliyokosewa, kopi ya maombi ya 2011 ambayo tuliandika nimejeruhiwa Lukaya mwaka 1978, picha moja tumepiga watatu na sare, na barua nlomwandikia mama kutoka hospitali, aliiweka kwenye mkoba wake wa ukindu mpaka alipokufa. Basi. Mwanangu mkubwa ananambia baba achana nayo ushazeeka, mdogo anasema zinauzwa mtandaoni hizo tununue moja uvae. Nifanyeje?

Babu wa Kangagani

.

Waalaykum salaam Babu, shikamoo. Na wewe mjukuu, umeandika vizuri, ile sehemu ya "na mie nikacheka" ungeweza kuiruka ukamfichia babu yako aibu lakini umeiandika kama alivosema.

Babu mie kabla ya kukaa hapa kujibu barua za wake wenza na mirathi nimefanya kazi masijala miaka 22, sio ya jeshi, masijala ya kawaida tu ya serikali, lakini faili ni faili. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kama karani, na kuna pahala nimeruka kwenye kiti.

Kwanza hili la 2011. Uliomba medali, na yule afisa alokuwa na orodha mbele yake hawezi kumpa medali mtu asiemo kwenye orodha, hata angekuonea huruma vipi. Medali na nishani anatunuku Rais ambae ndie Amiri Jeshi Mkuu, sio kitu cha kutolewa kwenye droo. Safari hii usiombe medali. Omba kumbukumbu zako za utumishi jeshini zisahihishwe, na medali uitaje mwisho kabisa sentensi moja, kwamba zikishasahihishwa ufikiriwe. Ukiomba hivi unampa afisa kazi anayoiweza, kuchukua hati na kuilinganisha na faili.

Na faili lenyewe ndo hapa nilipoona kitu. Jeshini mtu ni namba Babu, wewe wajua kuliko mie, jina linafuata nyuma. Sasa wewe umekwenda pale na hati inayosema 96. MT inayoishia 96 ni ya mtu! Kuna mtanzania mwengine mahali fulani ndie mwenye namba hiyo na pengine huyo maskini kweli Kagera hakukanyaga. Kwa hiyo "jina lako halimo" inawezekana afisa alisema kweli tupu, ila alikuwa anamtafuta mtu mwengine na faili lako la 69 liko pale pale limelala na vumbi lake halijaguswa. Sisemi ndivo ilivo, nasema anzia hapo, mana mpaka namba irekebishwe hayo mengine yote yanapigwa juu ya faili la watu.

Utathibitishaje kama ni 69? Sasa Babu nisikilize vizuri. Ile barua ya mama. Umeitaja mwisho, baada ya picha, halafu ukasema basi! Kaitoe kwenye mkoba sasa hivi, usisome ndani, geuza bahasha. Askari akiandika barua nyumbani mara nyingi anaandika nyuma yeye ni nani, namba yake, cheo chake, kikosi chake. Kama mkono wako wa mwaka 1979 uliandika namba yako pale kabla hujajua kama kutakuwa na ugomvi wa namba, hiyo ni ushahidi ambao hakuna wa kukwambia umeutunga. Halafu tazama mbele, muhuri wa posta. Ukisomeka Mwanza na tarehe ukasomeka, ushathibitisha ulikuwa wapi lini. Kama bahasha haipo imebaki karatasi tu, tazama juu kwenye anuani, wodi, hospitali, chochote.

Na nakuombeni nyote hapo nyumbani, isitiwe laminesheni! Watu wanapenda kweli kutia kila kitu plastiki, karatasi ya miaka arobaini na kitu ikipitishwa kwenye joto lile wino unaweza kuondoka na muhuri nao. Wala msipitishe kalamu juu ya herufi zilofifia ili zionekane, mkifanya hivo mmeiua mana itaonekana imeandikwa jana. Mjukuu ipige picha na simu mchana penye mwanga, mbele na nyuma, halafu iwekeni kwenye bahasha kubwa kavu. Ofisini inakwenda kopi, ya asili inaonyeshwa tu na inarudi nyumbani na wewe.

Na ile picha ya watatu nayo igeuzeni, studio za zamani zilikuwa zinapiga muhuri nyuma.

Jina sasa. Khamis kuwa Hamisi hiyo ni hadithi ya kila Mzanzibari alopita mikononi mwa karani wa bara, Khadija anarudi Hadija, Hamisi hao tunao wengi na hawashangazi mtu. Taabu ni Ahmadi, mana Hamad na Ahmad ni watu wawili. Hapo unahitaji kiapo kwamba majina yote hayo ni mtu mmoja, nenda kwa wakili au mahakamani Wete uape, na kiapo kitaje jina la sawa, jina lilokosewa, namba zote mbili na tarehe ya hati. Lakini kabla ya kuapa weka kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi na cha NIDA na cheti cha kuzaliwa juu ya meza vyote vitatu, vitazame herufi kwa herufi. Usije ukaapa wewe ni Hamad na NIDA imeandika Hamadi, utakuwa umekwenda kuongeza mtu mwengine. Barua ya sheha chukua pia ila ujue sheha anathibitisha kama anakujua na unakaa Kangagani, mambo ya Lukaya sheha hayamuhusu.

Hilo neno "maradhi" ndo lilonikera kuliko yote. Mtu kachanika bega na bomu halafu hati inamfanya kama alokuwa na malaria. Lakini jibu lake unalo mwenyewe Babu, umelibeba miaka yote hiyo. Nenda Abdalla Mzee Mkoani au hapo Chake upigwe eksirei ya bega, na umuombe daktari akuandikie ripoti, sio picha peke yake. Ripoti iseme kuna kipande cha chuma, kiko wapi, na kovu liko wapi. Daktari hawezi kuandika kimetoka Lukaya, hakuwepo, na usimbembeleze aandike. Yeye aseme kuna chuma, barua ya mama iseme ulilazwa Mwanza, mwenzio aseme alikuona unapigwa, afisa akiviweka pamoja ataunganisha mwenyewe.

Hapa nikuseme kidogo. Maombi ya 2011 yameandikwa Lukaya 1978. Nani alijaza? Maana mwisho wa 1978 jeshi letu lilikuwa bado lina kazi ya kuwatoa hao watu Kagera kwetu na daraja la Kyaka limeshavunjwa. Mutukula imechukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, mapigano ya Lukaya ni Machi, Kampala ikaanguka Aprili 11. Mtu yeyote wa jeshi akisoma "Lukaya 1978" anajua huyu ama hakuwepo ama kasimuliwa. Najua ni mtoto kajaza mbio mbio, vita vimeanza 78 basi kaandika 78, lakini karatasi hiyo ipo ndani ya faili fulani na lazima uitaje. Sema wazi kwenye barua mpya kwamba mwaka ulioandikwa zamani ulikosewa, ni 1979, na tarehe kama huikumbuki usiibuni, andika mwezi wa tatu. Kuliko wao waigundue bora uwaonyeshe wewe.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Usianze na hotuba ya Mwalimu, usiandike habari za baraza. Iwe hivi:

"Mimi ni askari mstaafu, niliingia jeshini 1977 na kuachishwa 1984. Hati yangu ina makosa matatu: namba, majina, na sababu ya kuachishwa. Nilijeruhiwa bega la kulia njia ya Lukaya mwezi Machi 1979 nikiwa na kikosi (taja), nikalazwa Mwanza, kisha nikahamishiwa kikosi (taja), hivyo sikuwepo kikosi changu kilipovishwa medali. Naomba kumbukumbu zangu zisahihishwe, na zikishasahihishwa nifikiriwe kwa medali ya vita vya Kagera ambayo sikuipata. Vielelezo nimeambatanisha."

Tosha. Huko kuhamishwa usikuache, mana mtu aliekuwa wodini wakati kikosi chake kinaandika orodha, halafu akarudi kwenye kikosi chengine, ni rahisi sana kuanguka katikati, huku washamfuta na kule hawajui katoka wapi.

Inakwenda wapi? Ulinzi ni jambo la Muungano kwa hiyo usipoteze nauli kwenye ofisi za SMZ, serikali ya Zanzibar, watakukaribisha vizuri watakupa na maji lakini faili lako hawana. KMKM na JKU hao ndo wa SMZ, JWTZ sio. Na kuna atakaekwambia nenda Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani, Kilimani kuna mambo matamu ya zama za masultani, namba yako ya MT haiko. Anza na kambi ya Vitongoji hapo Chake, uliza afisa anaeshughulikia wastaafu, mwambie unataka kumuandikia Mkuu wa Utumishi Jeshini na upitishe kwake. Kopi ipeleke kwa Katibu Mkuu Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma, kwa rejista ya posta, risiti weka. Waulize pia hao wenzako kama wamo MUWAWATA, chama cha wanajeshi wastaafu, mana barua ya mzee mmoja inaweza kukaa chini ya nyengine lakini chama kikiuliza kinaulizia. Ila Dodoma mwenyewe usende kwanza, Babu, boti na gari na bega hilo, kwenda kuambiwa lete kiapo.

Kila pahala utakapoacha karatasi uwe na kopi yako mkononi, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na uulize namba ya kumbukumbu ya barua. Mwaka 2011 ulitoka na nini mkononi? Hujanambia, nahisi hukutoka na kitu. Na kijana alosimama nje ya mlango sio ofisi. Ofisi iko ndani ina meza. Atakaekwambia kuna malipo ya wapiganaji wa Kagera yanatoka jaza hapa na utume ya fomu, huyo ni yule yule kabadilisha laini.

Mwanao mdogo mwambie hapana. Ukivaa ya kununua siku ukikaa barazani yule jamaa akauliza hii umepewa lini na nani, utajibu nini mbele ya mjukuu? Utakuwa umempa haki yake. Na huyo jamaa, mie sitaki kumtukana mtu hapa lakini nina suala moja, tokea lini wapishi wa jeshi wakawa hawakwenda vitani? Walikwenda, wakapigwa na mabomu na masufuria yao. Yeye alikuwa wapi?

Nimemwacha kwa makusudi huyu wa Micheweni. Kila kitu nilichokiandika hapo juu kinaweza kusubiri mwezi, miwili, eksirei itakuwa ile ile, chuma hakendi popote. Yeye anaumwa. Umesema hatoki nje, basi wakili aende kwake, muulize wakili anachukua kiasi gani kwa safari. Aseme alichokiona kwa macho yake tu, mlikuwa platuni gani, mlikuwa wapi, shati alilolifungia ni lake, na namba yake mwenyewe ya MT iandikwe na kopi ya hati yake iambatanishwe, mana hati yake ikisema kikosi kile kilikwenda Kagera na wewe ulikuwa kikosi kile, nusu ya kazi imekwisha. Mara ya mwisho mmeonana lini? Nenda kesho Babu, huyo mjukuu aende na simu yenye chaji, na kwa mgonjwa wa sukari msimpelekee halua, mpelekeeni samaki.

Shangazi